Mshahara wa Kazi Iliyopita

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Huku tu wazima, ila mwanangu anaota jino na nyumba nzima inaota naye.

Tangu ustaafu, meza yetu ya dirishani imekuwa kubwa mno. Jagi lako bado lipo. Nakumbuka ulivyommiminia msailiwa maji kabla ya swali lolote: "Koo kavu husema uongo." Nacheka peke yangu, wananiona chizi.

Dada, nimepewa jedwali la mishahara yetu maofisa ajira nilipange. Wanaotafuta watu wa mitambo, wote wanaume, wanatuzidi kwa theluthi sisi tunaotafuta watu wa usafi na jikoni. Nikasema haya, idara ni idara. Lakini yule bwana aliyekuja mwaka jana kukalia kiti chako, kazi ileile yangu, naye ananizidi. Na fomu nimemfundisha mimi!

Mshahara wangu aliyeupanga ni nani? Wewe ulikuwepo.

Mdogo wako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Unaumwa? Kimya chako kina mshindo.

Mkuu anasema mshahara wangu ulifuata fomu yangu ya usaili. Faili litafunguliwa katikati ya Mei. Kama kuna neno, nisilisikie kwake.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti halijambo, moyo ndio mgonjwa. Nimeandika mara nne nikachana.

Ni mimi. Ulikuja kwenye usaili na mimba ya miezi sita, umejifunika koti zito jua likiwaka, ukidhani hatuoni. Kwenye mstari wa mshahara wa kazi iliyopita ulinitajia kiasi, nikaandika nusu. Niliogopa watakukataa, wa bei rahisi hawakataliwi. Mimi niliingia hivyohivyo, nikastaafu hivyohivyo. Nilidhani nakufungulia mlango, kumbe nilikuinamisha ndipo upite.

Barua hii mpe mkuu. Sahihi yangu anaijua.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Jino limetoka, limeniuma mimi wa kwanza.

Nilikukasirikia, sikufichi. Ungeniuliza. Barua nilikaa nayo siku tatu, kisha nikaipeleka. Mkuu akaisoma mara mbili: "Huyu mama anajishtaki?" Nikamjibu, "Anashuhudia." Mshahara wangu umesawazishwa na wa yule bwana kuanzia mwezi huu. Kuhusu wenzetu wa mitambo kasema tutaona. Nikamwambia nitakuja kuona.

Leo asubuhi kaingia binti, kavaa koti zito, nje jua linachoma. Nilikuona wewe mlangoni, Dada, nikajiona na mimi. Nikammiminia maji. Tulipofika kwenye ule mstari nikaupiga kalamu, nikamuuliza: "Kazi hii wewe unaona inastahili kiasi gani?"

Nadhani hajawahi kuulizwa. Nikamwongezea maji, nikangoja.

Njoo umwone mtoto. Jagi ni lako, lakini kalamu sasa nashika mimi.

Mdogo wako