Mufuko wa Muchanga na Kamba ya Mama

Papa wangu mupenzi,

Kikohozi cha vumbi la mugodi kimekuacha? Na mama, miguu yake inamufikisha ku kisima sasa? Mimi mwili uko muzima. Roho ndiyo inanisumbua, na barua hii nimeiandika mara tatu, nikapasua mara mbili. Katekista anayekusomea, namuomba asiruke neno.

Ulisikia kwamba niko mu ekipe ya mbio. Siku ya Pentekoste tutashindana na shule zingine, basi Furere, mutawa mugeni anayetufundisha michezo, anataka tupate nguvu. Kila asubuhi tunashuka ku ziwa, tunajaza muchanga mu mifuko, tunapanda nayo kilima mpaka ku shule. Wenzangu wanabeba ku bega. Juma lililopita bega langu lilichubuka, nikabaki nyuma peke yangu. Nikaona hakuna mutu. Nikafunga mufuko na kamba, kamba nikaipitisha ku paji la uso, muzigo ukalala mugongoni. Papa, kilima kilikuwa kama uwanja! Nilitaka kuifungua kamba mbele ya kufika, wasinione, lakini ku kona nikawakuta wote wanapumzika, na Furere amesimama na saa yake.

«Selestini, shingo hii umeitoa wapi? Nani alikufundisha?»

Anakleti, mutoto wa kapita anayesimamia timu yenu ku shimo, akanitangulia kujibu: «Furere, vile ni wanawake wanabeba! Maman Selestini, karibu! Maji ya kupika umeleta?»

Wakacheka mpaka mumoja akaangusha mufuko.

Ningesema tu kweli: mama alilala mugonjwa mwaka muzima, kwetu hakuna binti, kuni na maji nilibeba mimi. Kinywa kikasema kingine. «Ni papa. Papa yangu anabeba mawe ya mugodi vile, kila siku.»

«Papa yako? Na kamba ya wanawake?» Anakleti akapiga makofi. «Ngoja niandikie baba, watu wa shimo na wao wacheke!»

Furere hajui desturi zetu. Alifurahi sana. «Voilà! Kesho wote mutabeba kama papa ya Selestini.»

Tangu siku ile vijana kumi na mumoja wanapanda kilima na kamba ku paji, wanaimba «papa Selestini, papa Selestini», na mimi niko mbele yao, nasikia. Na nguvu wanaipata kweli, hiyo ndiyo inaniumiza zaidi.

Sijasahau, papa. Jogoo wa kwanza akiwika, ulikuwa unaniamsha ili majirani wasinione. Kamba ulinifungia wewe mwenyewe, ukakunja jani la ndizi chini yake isiniachie alama. Mwaka muzima ulinifichia haya yangu, na mimi nikakuvika wewe kwa neno moja.

Jana ku mustari wa asubuhi nilijaribu kusema kweli. Nikaanza, «Mama yangu…», sauti ikakatika. Anakleti akasema, «Muache, analilia maziwa.» Nikabeba mufuko wangu, nikapanda kilima.

Barua ya Anakleti kwa baba yake iliondoka na kamyo ya mizigo ya Jumanne. Kama wamekwisha kukucheka, hii isomwe mbele yao, na kapita awe pale. Niliyebeba ni mimi. Aliyesema uongo ni mimi.

Usiache kuja Pentekoste, hata ukikasirika. Uniletee kamba ya mama, ile ya ngozi. Mbele ya mbio Furere anataka tuonyeshe wageni namna tunavyobeba. Nitaivaa ile, na nitasema ni ya nani. Sauti ikikatika tena, wewe utakuwa umesimama pale, na mimi sitaweza kudanganya mbele yako.

Unisalimie koko, mama yako, anayelalamika kwamba shule inanikondesha. Umuambie shingo imenenepa. Wadogo zangu wawili wamusaidie mama maji, bila kujificha. Mama mwenyewe usimuambie bado uongo huu. Hiyo nitamuambia mimi.

Alama ya kamba sasa imetokea ku paji langu. Nilikuwa naifunika na kofia. Leo nimeivua.

Mutoto wako aliyekukosea,
Selestini