Cheti cha Gordon

Mtaa wa Haycroft 14,
Grimsby,
Uingereza.

Jumapili, 17 Novemba

Mpendwa Shangazi Noreen,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Goti lako linaendeleaje tangu lilipopasuliwa? Natumaini huko Dunedin joto limeanza. Sisi hapa hatujambo. Baba bado anakohoa na hataki kusikia habari za daktari. Mimi nina jeraha la meno mkononi, lakini linapona. Kwa simu ningelia tu, ndiyo maana naandika.

Uliniuliza kazi ikoje. Nyumba ya matunzo ninakofanya kazi ina wakazi watano, watu wazima wenye usonji au ulemavu wa kujifunza. Nimemzoea zaidi Adrian. Ana miaka thelathini na mmoja, hasemi, na mwili wake unajaza mlango. Kila asubuhi hunywa chai kwa kikombe cha kijani, halafu hunisogezea biskuti moja kati ya mbili zake. Wengine hawapi.

Mwezi wa tisa tuliambiwa kwamba kila mhudumu lazima afanye mafunzo ya usonji kwenye kompyuta na apate cheti. Mimi niliyafanya mara mbili. Mara ya pili niliyafanya kwa jina la Gordon, kiongozi wa zamu yetu.

"Binti, wewe umetoka shule juzi, mitihani umeizoea," aliniambia huku akinipa neno lake la siri. "Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Kompyuta itanifundisha nini?"

Unanijua, Shangazi, kukataa siwezi. Nilimpatia alama tisini na sita. Cheti chake kikatundikwa ofisini, na mimi nikapewa chokoleti.

Katika mafunzo hayo kuna mwanamke mwenye usonji anayeeleza jinsi kelele zinavyomuumiza kama kuchomwa. Anasema, "Usinishike. Zima kelele, kisha nipishe." Nimemsikia mara mbili.

Kwetu king'ora cha moto hujaribiwa kila Jumanne saa nne asubuhi. Kabla hakijalia, mtu humtoa Adrian wakaangalie mbwa ufukweni. Alhamisi hii fundi alikuja siku isiyo yake, akiwa na haraka. Gordon akamwambia ajaribu tu, ni dakika mbili.

Kilipolia, Adrian alijigonga kichwa ukutani mpaka lipu ikapasuka. Gordon alimkaba kwa nyuma. Adrian akampiga kiwiko puani, damu ikamwagikia shati. Mimi nilitia mkono kati ya uso wake na ukuta, akauma. Hakunikusudia, mkono ndio uliokuwa mbele ya meno.

Gordon na Trevor, mwenzetu wa zamu, walimwangusha kifudifudi. Gordon akamkalia mgongoni.

"Tulia, we fahali! Umenivunja pua, tulia!"

Akampiga ngumi za mbavu, tatu, nilizihesabu. Akaupindua mkono wake kuelekea juu, na king'ora bado kinalia. Mfupa ulipovunjika ulitoa sauti ndogo, kama karoti mbichi. Hapo ndipo nilipokimbilia kisanduku cha king'ora ukutani nikakizima. Adrian akatulia papo hapo, kabla hata Gordon hajamwachia.

Kisanduku kilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa, Shangazi. Muda wote ule.

Kwenye ripoti Gordon aliandika kwamba Adrian alishambulia watu bila sababu. Bi Pargeter, meneja wetu, akamwamini, maana mtu mwenye alama tisini na sita anajua anachofanya. Akampigia simu mama yake Adrian kumwambia kwamba mwanawe atapelekwa hospitali ya kufungiwa, mwendo wa saa tano kwa gari kutoka hapa. Kuna waliokaa humo miaka kumi.

Ijumaa Gordon alinikuta jikoni, pua imefungwa bandeji.

"Ukifungua mdomo, anza na cheti," alisema. "Waambie nani alikifanya. Tuone nani ataanza kufukuzwa." Kisha akaniuliza kama nataka chai, akanitilia.

Jana nilimpelekea Bi Pargeter kurasa tatu, kwa kuwa kwa mdomo nisingemaliza. Niliandika yote: king'ora, ngumi tatu, hatua nne, na cheti.

Alisoma, akavua miwani. "Unajua hii itakuponza na wewe?"

"Najua," nikasema.

Gordon amesimamishwa, na mimi pia. Safari ya Adrian imezuiwa mpaka wachunguzi waje. Sijui watasemaje, lakini hajaondoka.

Kabla ya kurudishwa nyumbani nilipita sebuleni. Mkono wa kulia wa Adrian ulikuwa ndani ya plasta ya hospitali mpaka begani, na kikombe cha kijani alikishika kwa mkono wa kushoto. Aliponiona aliweka kikombe chini, akavuta biskuti zote mbili kwake na kuzifunika kwa kiganja. Nilitaka sana kwenda kumwambia pole. Nilibaki mlangoni, kisha nikampisha.

Msalimie bwana wako Alf, na binamu zangu Rhona na Callum. Baba anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Mungu akupe goti la kutembelea na usingizi mzuri. Nijibu hata kama umenikasirikia.

Wako akupendaye, hata akiwa na aibu,

Bryony