Maganda Niliyoyaficha

Kemunto mjukuu wangu,

Hapa Kiogoro sote tu wazima, na ng'ombe wetu amezaa ndama mweupe mtundu sana. Umeniuliza ni nani alinifunza kuokota kila ganda na kulitia kwenye mtambo wa gesi.

Nilipoolewa, mama mkwe alinipa ndizi mbichi nimenye. Alikuwa na desturi ya kukagua maganda ya kila mke mpya: ganda nene, mke mharibifu. Yangu yalikuwa manene kama soli ya kiatu! Nikayazika haraka nyuma ya jiko, chini ya mgomba uliodumaa.

Mgomba ule ulikuja kuzaa mkungu mzito hata tukauegemeza kwa mti. Mama mkwe akacheka mpaka akaketi chini.

"Yaani aibu yako imezaa hivi! Nilikuona ukichimba."

Tangu siku hiyo hatujatupa ganda. Sasa maganda yanachanganywa na samadi mtamboni, nami napika bila kupuliza kuni.

Njoo likizo unimenyee ndizi. Nitayakagua maganda yako, nitacheka, na kabla hujarudi chuoni yatakuwa yametuchemshia chai.

Nyanya yako,
Moraa