Nguo za Mke Wangu, Nikiwa Mnarani

Mke wangu amekufa. Jumamosi tumemzika Mbalizi. Leo Alhamisi, mvua tangu jana, ziwa halionekani.

Niko Matema. Nimelala kwenye mnara wa taa wa zamani, ule uliokuwa unaongoza meli Ziwa Nyasa. Wameukarabati, sasa ni gesti, unalala na asubuhi unapewa chai. Mi ni kibarua hapa. Mchanga wa plasta nimeupandisha kwa ndoo, ngazi za kuzunguka mpaka kichwa kinazunguka. Kulala ndani sikuwahi kabla ya jana.

Bosi ameniona jana narudi na begi wakati matanga hayajaisha. Hakuuliza. Akasema chukua chumba cha juu, wageni hakuna na mvua hii.

Chumba ni duara. Kitanda hakikai ukutani vizuri, nyuma inabaki nafasi. Nimelala chini, kama msibani.

Ukweli nimekimbia.

Kwetu matanga hayaanuliwi mpaka nguo za marehemu zigawiwe. Na hazigawiwi mpaka mume aseme nani apewe nini. Nikaona nisipokuwepo, hazigawiwi. Zinabaki pale pale alipozitundika, nyuma ya mlango.

Watu sikuwafikiria.

Asubuhi dada wa jikoni kaniletea chai na mayai. Kaniita mheshimiwa mgeni, anacheka, maana amezoea kuniona na vumbi. Sijamaliza kula, simu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Kasema ndugu bado wanalala sebuleni kwangu, unga umeisha, maharage yao yanaozea shambani, mjomba wao kifua kimembana. Hakufoka. Bora angefoka.

"Shemeji, bila wewe hatumalizi. Sema tu hapo hapo. Nimeweka spika, wote wanasikia."

Namsikia mjomba anakohoa.

Nikasema. Vitenge, dada zake. Gauni la kanisani, shangazi. Mabuti ya mpira, jirani yetu, ndiye alikuwa analima naye. Kila nikitaja kitu wanaitikia, haya. Chai inanimwagikia kwenye shuka nyeupe ya watu.

"Na sweta jekundu? Hatulioni."

"Ninalo mimi. Liko kwenye begi."

"Mwanaume habaki na nguo ya marehemu, shemeji."

"Mi nabaki nalo."

Mjomba akasema kwa nyuma, mwacheni. Shemeji akacheka, pua imeziba kwa machozi.

"Haya, kaa nalo. Ila usilivae, litakubana tumbo."

Basi. Wameanua matanga. Mchana kanipigia tena, kasema nyumba wamefagia, funguo kwa jirani. Nikienda, nyuma ya mlango kutakuwa ukuta mtupu. Hilo nitaliona nikifika.

Nimelia kidogo juu huku. Hakuna aliyesikia, mvua inapiga bati.

Bosi kasema nipumzike mpaka Jumatatu. Nimekataa. Ukuta wa upande wa ziwa umelowa, plasta inabanduka.

Kesho narudi kazini.