Mstari Unakwenda Wapi, Masanja

Rafiki yangu Masanja,

Kosa la wengi wakiwekewa grafu mbele yao ni kusoma namba zote, moja baada ya nyingine, kama karani anayeita majina. Mwanao Minza alifanya hivyohivyo kwenye swali la kueleza grafu katika mtihani wa Kiingereza wa kwenda kusomea uuguzi ng'ambo, wiki ile ulipokuwa umelazwa. Akafeli. Kesho anarudia. Safari hii akikosa, nafasi yake chuoni anapewa mwingine.

Tangu tukuzike pale Nemba, ninamfundisha mimi. Mwanzoni hakushika kitu. Alisema, "Baba mkubwa, maneno haya ya Kiingereza nilifundishwa na baba. Nikiyaona namsikia yeye." Hata mimi nilikuwa nakusikia.

Ndipo nikamsimulia siku nilipokutembelea mara ya kwanza, Mhangaza wa Murukulazo nisiyejua desturi za Wasukuma, nikakuuliza una ng'ombe wangapi. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Mwalimu mzima! Unataka kuniloga? Ng'ombe wa mtu hawatajwi idadi. Niulize wanaendeleaje." Nikauliza. Ukasema waliongezeka polepole mvua zilipokuwa nzuri, wakapungua ghafla ugonjwa ulipoingia, na sasa wametulia. Hukutaja namba hata moja, nami nikawa nimeliona zizi lako miaka yote.

Minza akacheka, kicheko chako kilekile. Tukaanzia hapo. Kupanda taratibu bila kurudi nyuma ni "rise steadily". Kushuka ghafla ni "fall sharply". Kupanda na kushuka bila kutulia, kama bei ya maharage pale sokoni Kabanga, ni "fluctuate". Mstari ukifika juu kabisa kabla ya kuanza kushuka, hapo ndipo "peak". Namba zinakuja baadaye, chache tu, kuthibitisha ulichokwisha kusema.

Lililomsumbua ni "level off". Nikamweleza: mstari ulikuwa ukipanda au ukishuka, kisha ukaacha, ukaenda sawa. Alitazama dirishani, akasema, "Kama mama."

Ni kweli, Masanja. Ulipoondoka, mama yake alishuka sana. Siku hizi halii kila asubuhi. Kupanda hajapanda. Ametulia tu, anapika, anaitikia shikamoo za watoto.

Basi lala, ndugu yangu. Kesho alfajiri nitamsindikiza Minza mpaka stendi, na matokeo yakija, yawe mazuri au mabaya, hatayapokea peke yake. Hilo nakuahidi.

Na wewe Minza, kwa kuwa ndiwe utakayemsomea baba barua hii kaburini: leo chukua grafu moja, funika namba zote kwa kiganja, umweleze mama yako kwa Kisukuma mstari unakwenda wapi.