Neno la Kasmiri

Jumamosi, 6 Julai 1974
Posa ya binti yangu Hamisa imeharibika! Wageni wa Magoma wameketi, pilau la mbuzi limepakuliwa. Akapita Kasmiri, karani wa mkonge. Akachungulia — "Mmefika kwa mwindaji! Ila ulizeni, nyama hiyo ilikuwa na pembe, au ilikuwa ikifukua mihogo kwa pua?"
Mimi! Mzee Mdoe niliyemaliza nguruwe wa Kwedizinga yote kwa mkuki. Kuua, ndiyo. Kula, hata harufu!
Wageni wakanawa, wakaaga. Binti analia jikoni. Nikamfuata Kasmiri na rungu. Anacheka tu. "Mzee, nakidi!"
Kidi. Ndiyo nini?

Jumatatu, 8 Julai 1974
Nimemuuliza Bernadina, mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima. Ni Kizungu. Unampa mtu uongo ili mcheke, halafu unasema umekidi, asikasirike. Nikauliza, na aliyeumia? Akasema, basi mzee, na yeye acheke.
Aa!
Kasmiri ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazigua. Angesema ni utani, ningemeza. Mtani hakasirikiwi. Lakini kasema Kizungu. Kizungu sina undugu nacho.
Nimeliandika ubaoni. Mwandiko wangu ulishinda wote.

Alhamisi, 11 Julai 1974
Nimelipiza! Mgambo wanasaka walanguzi wa sukari. Nikawaambia pale dukani, watu wanasikia: Kasmiri ana gunia la sukari uvunguni. Uongo wangu mwenyewe, nimeutunga nikipalilia. Wampekue, aaibike mbele ya mkewe, kisha nimwambie — nakidi tu, baba!
Wamekwenda. Nimekaa barazani kusubiri kicheko.

Baadaye. Wamelikuta. Gunia kweli. Uvunguni kweli! Kasmiri kafungwa kamba, kapelekwa Handeni. Alinitazama.

Jumamosi, 13 Julai 1974
Kaja Grasiana, mke wa Kasmiri. Shikamoo hakutoa. Anasema Jumapili mumewe alipanda baiskeli hadi Magoma, akawaangukia wale wageni, wakakubali kurudi. Sukari aliitafuta kwa shida, ya harusi ya Hamisa. "Alisema mtani ndiye huleta ya chai."
Nikamjibu, aliyeanza ni nani?
Lakini nilikwenda kwa mkubwa wa mgambo. Nikasema, bwana, nilikuwa nakidi. Akasema, mzee, umekidi nini na sukari tumeiona?
Mashavu, mke wangu, kanigeuzia mgongo tangu asubuhi. Anachambua mchele.
Kengele za baiskeli huko nje. Ni wao, wa Magoma. Wanacheka. Wanauliza — yuko wapi yule mtani wako?