Mtihani wa Jumapili

Kansanga, Kampala

Neema mjukuu wangu,

Hujambo huko Gulu? Sisi tu wazima, na kuku wako ameangua vifaranga saba, wote wananisumbua jikoni.

Umeniuliza ufanyeje, maana shule imeweka mtihani Jumamosi, siku yetu ya Sabato. Katiba inakulinda, mama, usiwe na shaka. Nenda kwa mwalimu mkuu ukaombe kwa adabu, usiende na kelele kama shangazi yako.

Mimi pia yalinikuta nikiwa na umri wako, katika shule ya serikali alikofundisha baba yangu. Mwalimu mkuu alikubali nifanye mtihani Jumapili, ila baba hakuruhusiwa kumsimamia mwanawe. Akajitolea Mwalimu Abdala. Tulikaa wawili darasani, mimi naandika, yeye anasoma gazeti. Nilipomaliza nikamwomba radhi kwa kumharibia mapumziko.

Akacheka. "Ijumaa nikienda msikitini, unafikiri nani hunishikia darasa? Baba yako."

Miaka yote ile baba hakuwahi kututajia. Basi ukishapewa ruhusa yako, tazama darasani kwenu ni nani hutoka Ijumaa, umwachie daftari lako anakili.

Jaja wako,
pamoja na vifaranga wako saba